Tiba mpya ya selimundu haigusi jeni yenye kasoro

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni msichana wa miaka 24 na nimezaliwa na selimundu. Nasikia wanasayansi wamegundua namna ya kuhariri vinasaba, na kwamba wagonjwa kama mimi sasa wanapona. Naomba unieleze kwa lugha nyepesi: wanafanya nini hasa? Wanairekebisha ile jeni iliyoharibika? Na mtu akishatibiwa hivyo, watoto atakaowazaa watakuwa salama? Nina mchumba, tunajiandaa kufunga ndoa, na nawaza niache haidroksiyurea ninayomeza nisubiri tiba hii.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Usiache dawa. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yanaweza kungoja, hilo haliwezi. Sababu utaiona mbele, maana dawa unayomeza na tiba uliyoisikia zinapita njia moja.

Habari uliyoipata ni ya kweli. Tarehe 16 Novemba 2023 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani inayotumia teknolojia ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR. Tarehe 8 Desemba mwaka huohuo Marekani nayo ikaidhinisha, kwa wagonjwa wa kuanzia miaka 12 wanaopata vipindi vya maumivu makali mara kwa mara. Katika wagonjwa 31 waliokuwa wamefuatiliwa kwa muda wa kutosha wakati huo, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila kupata hata kipindi kimoja cha maumivu makali. Hao ni watu ambao kabla ya hapo walikuwa wakilazwa hospitali mara kadhaa kwa mwaka. Nimefanya kazi na wagonjwa wa damu muda mrefu, na matokeo hayo nayaona ni makubwa.

Lakini je, wanairekebisha jeni iliyoharibika? Hapana. Hawaigusi kabisa. Baada ya tiba, jeni ya selimundu inabaki ilivyokuwa ndani ya kila seli ya mgonjwa. Kilichofanyika ni kuiamsha jeni nyingine, nzima kabisa, ambayo mwili ulikuwa umeizima mgonjwa alipokuwa mtoto mchanga. Hapo ndipo uzuri wa ugunduzi huu ulipo, na ili uuone inabidi turudi nyuma kidogo.

Chembe nyekundu za damu zimejaa protini iitwayo himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni. Kwa mtu mzima, kila molekuli ya himoglobini imeundwa kwa minyororo minne, miwili ya alfa na miwili ya beta. Mnyororo wa beta umeungwa kwa vijenzi 146 viitwavyo asidi amino. Mwaka 1957, akiwa Cambridge, mwanasayansi Vernon Ingram alionyesha kwamba mwenye selimundu hutofautiana na wengine katika asidi amino moja tu, ile ya sita: mahali pa glutamati pamekaa valini. Kwenye vinasaba, kosa hilo ni la herufi moja kati ya herufi zipatazo bilioni 3.

Herufi hiyo moja inaleta madhara makubwa kwa sababu valini haipatani na maji. Himoglobini ikishatua oksijeni yake, ile valini hutafuta pa kujificha, na inapata kishimo kwenye molekuli ya jirani. Molekuli zinashikana, mbili, kumi, maelfu, mpaka zinakuwa nyuzi ngumu zinazoivuta chembe nzima na kuipinda umbo la mundu. Chembe hizo hukwama kwenye mishipa midogo, sehemu ya mbele inakosa oksijeni, na ndipo unapata yale maumivu ya mifupa unayoyajua kuliko mimi. Tena hazidumu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, ya selimundu huishi kati ya siku 10 na 20. Uboho, kiwanda cha damu kilicho ndani ya mifupa, unafanya kazi usiku na mchana na bado haufui dafu, ndiyo maana damu yako iko chini kila mara.

Sasa muulize mama yako ulianza kuugua lini. Nina hakika hatakwambia wiki ya kwanza. Watoto wenye selimundu huzaliwa wakiwa salama, wananyonya, wananenepa, halafu karibu na mwezi wa tano au wa sita ndipo mikono na miguu inaanza kuvimba. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa Brooklyn, Janet Watson, aliitazama damu ya vichanga hao akaona kwamba chembe zao hazijipindi kama za mama zao. Akatoa wazo kwamba kinachowakinga ni himoglobini ya kijusi.

Mtoto akiwa tumboni hategemei mnyororo wa beta. Anatumia mwingine uitwao gama, wenye jeni zake palepale karibu na beta, kwenye kromosomu ya 11. Himoglobini yenye gama hushika oksijeni kwa nguvu zaidi, nayo inahitajika hivyo kwa sababu kijusi hakina hewa yake, lazima kiivute oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Akishazaliwa, mwili unaizima gama polepole na kuiwasha beta. Kwa mtoto mwenye beta nzima, mabadiliko hayo hayaonekani hata kidogo. Kwa mwenye beta ya selimundu, ugonjwa unaingia kadiri gama inavyotoka. Na gama ina sifa moja ya thamani kubwa: haiingii kwenye zile nyuzi. Ikiwa imechanganyika na himoglobini ya selimundu ndani ya chembe moja, inazikatiza nyuzi zisiendelee kurefuka.

Maumbile yenyewe yalishaonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Kuna watu waliorithi jeni ya selimundu na papo hapo wakarithi hitilafu nyingine isiyo na madhara, inayoifanya gama isizimike. Watu hao wanaishi karibu bila dalili yoyote. Kwa wagonjwa wengi wa mashariki mwa Saudi Arabia na wa India, gama hubaki juu kuliko kawaida na ugonjwa wao mara nyingi ni mwepesi. Haidroksiyurea unayomeza nayo inafanya kazi kwa kuipandisha gama. Haiipandishi kwa wote sawasawa, na haiipandishi hadi kiwango cha mtoto mchanga, lakini inaipandisha. Ndiyo maana nimekwambia usiiache.

Kwa hiyo kwa miongo mingi lengo lilijulikana. Kilichokosekana ni kujua nani anayeizima gama. Na hapa nakuomba uvumilivu kidogo, kwa sababu sehemu hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo ambayo taarifa za habari huiruka.

Mwaka 2007 na 2008 watafiti walichukua njia ambayo haikuhitaji kubahatisha. Walipima vinasaba vya watu wengi, wakiwemo wakazi wa kisiwa cha Sardinia, wakawalinganisha wale ambao gama yao ilibaki juu ukubwani na wale ambao gama yao ilishuka kama kawaida. Walitafuta mahali popote kwenye vinasaba ambapo makundi hayo mawili yanatofautiana. Tofauti moja ikajitokeza kwenye kromosomu ya 2, mbali kabisa na jeni za himoglobini, ndani ya jeni iitwayo BCL11A. Hakuna aliyekuwa ameishuku. Ilikuwa ikijulikana kwa mambo ya saratani za chembe nyeupe, na watu wa selimundu hawakuwa na sababu ya kuisoma. Mwaka 2008 huohuo Vijay Sankaran na Stuart Orkin, huko Boston, wakathibitisha: ukiipunguza BCL11A ndani ya seli zinazotengeneza chembe nyekundu, gama inarudi. BCL11A ndiyo inayoikandamiza.

Mtu angedhani kazi imekwisha, ifutwe BCL11A na wagonjwa wapone. Haiwezekani. Jeni hiyo inahitajika kwenye ukuaji wa ubongo na katika kutengeneza chembe nyeupe za kinga. Kuifuta kabisa ni kumwondolea mgonjwa tatizo moja na kumpa mengine. Mwaka 2013 Daniel Bauer na Orkin wakapata mlango. Ndani ya jeni ya BCL11A kuna kipande kifupi cha vinasaba ambacho hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ni kuipandisha BCL11A, na inafanya hivyo katika seli za ukoo wa chembe nyekundu peke yake. Kwa maneno mengine, ukikiharibu kipande hicho, BCL11A inashuka pale tu unapotaka ishuke, na ubongo na kinga havihusiki. Na kipande hicho kilionekana kwa sababu zile tofauti za watu wa kawaida wenye gama ya juu zilikuwa zimekaa humohumo. Maumbile yalikuwa yameshaijaribu dawa kwa watu wazima wenye afya kabla ya mwanasayansi yeyote kuifikiria.

CRISPR ndiyo chombo kilichotumika kukiharibu. Asili yake ni bakteria, ambao nao hushambuliwa na virusi. Bakteria huhifadhi vipande vya vinasaba vya virusi waliowahi kumshambulia, na virusi hao wakirudi anavitumia kuwatambua, kisha anatuma kimeng'enya kuwakata. Mwaka 2012 Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna walionyesha kwamba kimeng'enya kiitwacho Cas9 kinaweza kuelekezwa kukata popote unapotaka, ukikipa tu kipande cha RNA, molekuli inayofanana na vinasaba, chenye herufi 20 zinazolingana na mahali pa kukatwa. Mwaka 2020 walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kwenye tiba ya selimundu, Cas9 hukata kile kipande cha BCL11A. Seli hukimbilia kuunga palipokatwa, lakini huunga vibaya, ikipoteza au kuongeza herufi chache. Kwa kawaida kuunga vibaya ni hasara. Hapa ndiko kunakotakiwa, maana kipande kilichoungwa vibaya hakifanyi kazi tena.

Nimekueleza nadharia. Sasa nikueleze mgonjwa anapitia nini, kwa sababu hapa ndipo nisingependa mtu yeyote akudanganye.

Hii si sindano ya asubuhi moja. Kwanza mgonjwa huongezewa damu kwa wiki kadhaa ili kupunguza chembe za mundu mwilini. Kisha hupewa dawa inayozitoa seli shina kwenye uboho na kuziingiza kwenye mzunguko wa damu, na mashine inazichuja. Seli shina ni zile mama, zinazozaa chembe zote za damu. Mara nyingi zoezi hilo hurudiwa kwa sababu seli zinazohitajika ni nyingi. Seli hizo hupelekwa maabara, zinahaririwa, zinapimwa usalama wake, na hilo linaweza kuchukua hadi miezi 6. Zikiwa tayari, mgonjwa hulazwa na kupewa dawa kali ya tibakemikali iitwayo busalfani, inayoua seli shina zilizobaki kwenye uboho ili zile zilizohaririwa zipate nafasi. Hapo ndipo anarudishiwa seli zake. Kisha ni kungoja uboho uote upya, wiki nyingi chumbani bila kinga ya kueleweka, mdomo ukiwa na vidonda, nywele zikidondoka. Homa ndogo wakati huo ni dharura.

Zikiota, hakuna haja ya kurudia. Seli shina zilizohaririwa zinaendelea kuzaa chembe zenye gama, na katika majaribio gama ilifika takriban asilimia 40 ya himoglobini yote ikabaki hapo. Chembe bado zina himoglobini ya selimundu ndani yake, ila hazijipindi. Je, huko ni kupona? Kwa maumivu na kwa wingi wa damu, kwa wengi wao ndiyo. Lakini mfupa wa nyonga uliokwishakufa haufufuki, na figo iliyoharibika hairudi ujana. Pia wagonjwa wa kwanza walihaririwa mwaka 2019, kwa hiyo bado wanafuatiliwa, na waliotibiwa katika majaribio watafuatiliwa hadi miaka 15. Kimoja kinachoangaliwa ni kama Cas9 iliwahi kukata mahali pengine pasipokusudiwa.

Sasa watoto wako. Seli zinazohaririwa ni za uboho tu. Mayai yako hayaguswi, na kila yai litaendelea kubeba jeni ya selimundu, hata ukitibiwa leo na usipate maumivu tena maisha yako yote. Kuna aliyejaribu kwenda mbali zaidi: mwaka 2018 He Jiankui wa China alitangaza kwamba amehariri viinitete na watoto wamezaliwa. Wanasayansi wenzake walimlaani, mahakama ikamfunga miaka 3, na mimi naona walifanya sawa, kwa sababu kosa linalofanywa kwenye kiinitete linarithiwa na vizazi ambavyo havikuulizwa.

Tena kuna jambo ambalo binti wa umri wako lazima alijue kabla ya kuiota tiba hii. Busalfani inaweza kuharibu mayai na kumwacha mwanamke bila uwezo wa kuzaa. Hospitali zinazotoa tiba hii huwashauri wagonjwa wahifadhi mayai au mbegu kwa kugandishwa kabla ya kuanza. Kwa hiyo swali lako la watoto lina pande mbili: tiba haimkingi mtoto, na inaweza kukunyima huyo mtoto mwenyewe.

Kinachoamua hali ya watoto wako ni damu ya mchumba wako. Wewe una jeni mbili za selimundu, hivyo kila mtoto atapata moja kutoka kwako, hilo halina mjadala. Mchumba akiwa hana jeni hiyo kabisa wala hitilafu nyingine ya jeni ya beta, hakuna mtoto wenu atakayeugua. Wote watakuwa wabebaji, yaani wana jeni moja, wanaishi kama watu wengine, na utotoni hata wanapata kinga fulani dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison alilionyesha mwaka 1954. Mchumba akiwa mbebaji, kila mimba ina uwezekano wa nusu kwa nusu wa kuzaa mtoto mwenye ugonjwa. Naye akiwa na selimundu kama wewe, watoto wote watakuwa nayo. Watu wengi ni wabebaji bila kujua, kwa sababu hawajawahi kuugua chochote, kwa hiyo asikwambie tu kwamba kwao hakuna ugonjwa huo. Apimwe.

Kuhusu kusubiri, sikushauri uisubiri tiba hii kwa sura yake ya sasa. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, nje ya gharama za kulazwa, na inahitaji hospitali inayoweza kupandikiza uboho. Mwaka 2021 walizaliwa duniani watoto wapatao 515,000 wenye selimundu, zaidi ya robo tatu yao kusini mwa Sahara. Tiba ya namna hii haiwezi kuwafikia hata ikipunguzwa bei kwa nusu, kwa kuwa ugumu hauko kwenye bei peke yake, uko kwenye busalfani, kwenye maabara na kwenye miezi ya uangalizi. Linaniuma sana hili, na sitalipamba.

Kinachonipa matumaini ni kazi inayofanyika kuondoa hatua hizo zote. Wazo ni kuweka maelekezo ya kuhariri ndani ya vitone vidogo mno vya mafuta, uvidunge kwenye mshipa, vitafute seli shina zilipo ndani ya uboho na kuzihariri hukohuko, bila kutoa seli na bila tibakemikali. Mwaka 2023 watafiti wa Philadelphia walionyesha kwa panya kwamba vitone vya aina hiyo vinaweza kuufikia uboho. Mwaka 2025, katika jiji hilohilo, mtoto mchanga mwenye ugonjwa adimu wa ini alipewa uhariri uliotengenezwa kwa ajili yake peke yake, kwa kudungwa mshipani, na hali yake ikawa nafuu. Ini ni rahisi zaidi, kwa sababu vitone vya mafuta vinapoingia mwilini huelekea huko vyenyewe. Uboho umejificha ndani ya mifupa. Bado kuna kazi, lakini ni kazi ya kihandisi ambayo kila hatua yake inaonekana, na tayari mwaka 2019 taasisi ya taifa ya afya ya Marekani na Gates Foundation ziliahidi dola milioni 100 kila moja kutafuta tiba za namna hii, za bei nafuu, kwa selimundu na virusi vya UKIMWI.

Tiba hiyo itakapofika, itamfaa zaidi mgonjwa ambaye figo zake, nyonga zake na ubongo wake bado ni vizima. Ndiyo kazi ya haidroksiyurea sasa hivi, pamoja na chanjo zako, maji ya kutosha na kwenda hospitali mapema ukipata homa.

Kwa upande wa ndoa, mchumba wako apime damu wiki hii. Kipimo kinachotakiwa ni cha kutenganisha aina za himoglobini. Kile cha haraka cha kuangalia kama chembe zinajipinda hakitoshi, kwa sababu hakimtofautishi mbebaji na mgonjwa. Na kwa kuwa haidroksiyurea kwa kawaida husimamishwa kabla ya ujauzito, kwa mpango na chini ya uangalizi, panga na daktari wako kabla hamjaanza kutafuta mtoto, usingoje mpaka ugundue una mimba.